Mpaka wa Maji ya Paa

Safari ya kurudi Chaani, mtaani kwetu Changamwe, Mombasa, ilinichukua siku tisa. Nilitoka Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, ambako kwa miaka sita nilikuwa nimelala chini ya malori ya watu nikiwa na spana mkononi. Lori la shaba lilinileta hadi Chalinze. Dereva wake alikuwa mtu wa kimya, na kila alipofungua mdomo alizungumzia figo zake. Chalinze nililala kwenye benchi la mama muuza supu, kesho yake nikapata basi la Tanga, na Muheza nikabembeleza lori la machungwa lililokuwa likienda Kongowea. Nilikaa juu ya turubai, machungwa yakinisukuma matakoni kila tulipopita shimo, nikavuka mpaka wa Horohoro nikinuka maganda.

Nilikuwa nimejiahidi jambo moja tu dogo: kuingia Mombasa kwa feri ya Likoni. Nilipokuwa mtoto tulikuwa tukivuka kwenda Timbwani kwa shangazi, na mngurumo wa chuma kile chini ya miguu nilikuwa nimetembea nao nchi nne. Nilimwambia dereva. Alicheka hadi akakohoa.

"Feri ya nini, kaka? Siku hizi kuna daraja."

Akakata kona kuingia barabara ya Dongo Kundu. Tukapita juu ya maji bila kuyagusa, tukatokea Miritini kama wezi walioingia nyumba ya watu kwa dirishani. Nilishuka Changamwe na mfuko mmoja na hasira ambayo ilikuwa bado haijapata wa kuibeba. Ilimpata kabla saa moja haijapita.

Dada yangu alikuwa barazani, mbele ya karai la mafuta, akikaanga viazi. Ananizidi miaka minne. Tulikuwa hatujaonana tangu kabla mama hajazikwa; mama alizikwa Kaloleni nami nikiwa Kongo, na simu iliyonipa habari nilipigiwa nikiwa chini ya gari. Dada hakusimama kunipokea. Alikipindua kiazi kimoja, kisha kingine.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja kuuza."

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote, wala huko nilikotoka.

"Hata maji sijanywa," nikasema.

"Maji yapo mtungini. Kunywa, halafu uuze."

Lazima nieleze nyumba yenyewe, kwa sababu nimeishi na watu wengi wa mbali na kila nikiwaeleza hunitazama kama niliyewaambia nina shati lisilo na mgongo. Nyumba yetu ni nyumba bila ardhi. Kuta ni zetu, mabati ni yetu, milango ni yetu. Ardhi iliyo chini yake ni ya watu wengine, ukoo mmoja wa ng'ambo, kisiwani, na baba yetu alijenga kwa ruhusa yao alipopata kazi bandarini. Haina hati, haina ramani. Kuna daftari moja tu, linakaa kwa bibi mmoja wa ukoo ule huko Mji wa Kale, na ndani yake kuna jina la mwenye kila nyumba. Baba alipofariki jina lake lilikatwa likaandikwa langu. Dada ndiye aliyekuwa nyumbani, ndiye aliyemuogesha baba na baadaye mama. Lakini mwanamume nilikuwa mimi, kwa hiyo niliandikwa mimi, nikiwa sijui hata siku iliyoandikwa.

Nilitaka kuuza kwa sababu ya ukuta. Yadi ya makontena ilikuwa imeumeza uwanja wetu wa mpira, kisha safu moja ya nyumba, na sasa ukuta wake ulikuwa umefika nyumba ya tatu kutoka yetu. Wenye ardhi wakiuza, wewe mwenye kuta hupewa notisi na kuambiwa uchukue mabati yako. Mimi nilikuwa nikitaka tuuze wakati kuta bado ni nyumba, tugawane sawa kwa sawa, ninunue kiwanja cha hati kule Mazeras, kidogo tu, lakini mchanga wake uwe wangu hadi chini. Nilimweleza dada haya yote nikiwa nimesimama, mfuko ukiwa bado begani.

"Na mimi?"

"Nimesema nusu ni yako."

"Nusu ya nyumba hailaliwi," akasema, akarudi kwenye viazi.

Pale kwetu nyumba haiuzwi bila dalali, na dalali ni mmoja. Ni jirani yetu wa mkono wa kulia. Kati ya nyumba yake na yetu kuna uchochoro ambao mkokoteni hupita kwa shida. Watu wote humwita mjomba. Kwa miaka ishirini hakuna chumba wala kibanda kilichopita mkono mmoja kwenda mwingine mtaani humo bila yeye kukaa katikati na kofia yake gotini. Mimi nilikuwa nimeapa kwamba kwangu hatakaa. Nilimkumbuka alivyomuuzia baba mlango uliooza. Nilikumbuka pia, na hili ndilo kubwa zaidi, jinsi alivyokuwa akinicheka nilipoanza kutoroka shule kwenda kutazama malori.

Nikachukua rangi nikaandika ukutani, kando ya mlango: NYUMBA INAUZWA NA MWENYEWE. MADALALI WASIJE.

Alikuja kusoma saa ileile, mswaki mdomoni. Alisoma polepole.

"Msafiri, umerudi na miguu yote miwili?"

"Yote, mjomba."

"Alhamdulillahi. Sasa nikwambie kitu bure. Mwari hajiposi. Akijiposa, watu huuliza ana kasoro gani."

"Huyu atajiposa, nawe utaalikwa kula pilau."

"Wallahi nitakuja," akasema. "Nitakuja na sahani yangu."

Kesho yake asubuhi chini ya maandishi yangu kulikuwa na mengine, ya mkaa: MWENYEWE NI NANI? Niliyasugua kwa maji na sabuni, nikimtukana dalali kwa sauti ya kutosha kuvuka uchochoro. Nilimsikia akicheka ndani kwake na mkewe.

Wanunuzi walikuja. Wengi walikuwa watu wa bara wanaofanya kazi bandarini na kwenye yadi, watu waliochoka kulipa kodi za nyumba za kupanga. Hakuna aliyeuliza kuhusu ardhi kwanza. Wote waliuliza kuhusu maji. Bomba la mtaani hutoa maji mara moja kwa wiki, likijisikia, na wao walikuwa wamezisikia sifa zake. Mmoja alifungua mfereji wa uani akausikiliza ukipumua, akaufunga, akaondoka bila kuaga.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu, na nilidhani ni akili. Nikaamua kufunga gata upande wa uchochoro, ule mfereji wa bati wa kukinga maji ya paa, na kuweka tangi jeusi pembeni, ili mnunuzi akiingia aone maji yaliyokwisha kutulia yakimngoja. Nikamleta fundi. Fundi akapanda, akagusa ukingo wa mabati, ukavunjika mkononi mwake kama biskuti.

"Hii imeoza. Gata haishiki hapa. Lazima nikate mpaka penye uzima."

"Kata," nikasema.

Ngazi ilikuwa ikiteleza mchangani. Dalali akatoka kwake, akaja kuishika. Nakumbuka nilishangaa, na kwa kitambo kidogo niliona haya kwa yale niliyomtukana.

"Kata vizuri, fundi," akawa akisema, ameinua uso. "Usiache kutu. Kutu hurudi. Kata mpaka pazima."

Fundi akakata. Vipande vya mabati mekundu vikaanguka uchochoroni, kila kimoja urefu wa mkono kutoka kiwiko. Dada alikuwa akisonga ugali jikoni, dirisha likiwa wazi, na aliona kila kipande kikianguka. Akaendelea kusonga. Nilipomaliza gata nikamwaga kokoto uchochoroni, nikasawazisha, nikapiga saruji nyembamba juu yake pawe safi. Niliitazama kazi yangu jioni ile nikaona nimeifanya nyumba mchumba.

Na kweli, wiki haikuisha akaja mtu. Alikuwa dereva wa mashine ya kunyanyua makontena, mtu wa bara, mpole, na mkewe alikuwa na macho ya kupima. Mke akapiga tangi kwa kidole, likajibu zito. Kulikuwa kumenyesha kidogo usiku uliotangulia. Akamtazama mumewe.

"Hapa sawa," akasema.

"Boss, na choo?" mume akauliza. "Ikijaa, gari ya kunyonya inapitisha bomba wapi?"

"Hapa uchochoroni. Tangu zamani bomba hupita hapa."

Tukaelewana bei tukiwa tumesimama, bila mtu katikati, nikaona nimeshinda. Siku iliyofuata nikavuka kwenda kisiwani kwa bibi mwenye ardhi, maana hakuna mauzo bila barua yake ya kibali. Alinipokea chumba cha mbele, miguu yake imevimba, imewekwa juu ya kibao. Daftari lilikuwa limefungwa kwa leso.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Weye ndiwe uliyepotea?"

"Ndimi."

"Uza. Sikukatazi. Matofali ni yenu, mabati ni yenu. Mchanga ni wetu. Basi yenu yaishia wapi?"

Akanitazama kama mwalimu anayejua hukusoma.

"Yaishia maji ya paa yaangukapo," akasema. "Ndiyo mpaka. Sina karatasi nyingine. Mwite mnunuzi, na jirani wa huku na jirani wa huku wasimame mpakani, kila mmoja aseme. N'takuja mwenyewe nisikie. Wakisema sawasawa natia sahihi."

Nilikuwa nayajua maneno yale. Baba alikuwa akiyasema. Masika tulipokuwa wadogo mama alikuwa akitupigia kelele tutoke na mabeseni, na dada ndiye aliyeyapanga uchochoroni, kubwa mbele, dogo nyuma, chini ya ukingo wa paa, hatua nzima ya mtu mzima kutoka ukutani. Mvua ilipokatika, matone yalikuwa yamechimba mchangani mstari wa vishimo, kama vifungo vya kanzu. Baba alikuwa akivionyesha kwa kidole cha mguu. "Huu ndio ukuta wetu wa pili," alikuwa akisema. Nilikuwa nimeibeba kumbukumbu hiyo nchi nne pamoja na mngurumo wa feri, na haikunijia siku nilipomwambia fundi akate. Ikanijia sasa, ndani ya tuktuk, nikirudi Changamwe. Nikajiambia haidhuru, watu wote wanajua mpaka ulipo.

Bibi alikuja saa kumi alasiri, akashushwa, akakalishwa kwenye kiti cha plastiki mdomoni mwa uchochoro. Mnunuzi na mkewe walisimama nyuma yake; mke alikuwa amekuja na kamba ya kupimia madirisha. Majirani wengine walijaa, kama wanavyojaa wakisikia kuna mtu atasema mbele za watu. Jirani wa kushoto, fundi cherehani aliyestaafu, alisimama upande wake, akanyoosha kidole, akasema ndiyo hapa, akarudi ndani kunywa chai. Bibi akageukia upande wa pili.

"Jirani wa kulia. Maji ya paa la hawa yaanguka wapi?"

Dalali alikuwa amevaa kanzu safi. Alitazama juu kwa muda, kama mtu anayetafuta mwezi.

"Bibi, maji hayaanguki. Bwana amefunga gata."

"Na kabla ya gata?"

"Huanguka pale paa linapoishia. Na paa linaishia pale." Akaonyesha ukingo mpya. "Shibiri moja kutoka ukutani. Nikisema zaidi nitakuwa mwongo, na kwa umri huu nitamjibu nini Mola wangu?"

"Lilikatwa!" nikasema. "Lilikatwa na wewe ukiwa umeshika ngazi!"

"Nilishika ngazi usianguke. Ningeacha msafiri avunjike miguu? Si ndiyo mali yake yote?"

Watu walicheka. Hata bibi aliinamisha kichwa kuficha mdomo. Nikaeleza habari za vishimo, mstari wa baba, hatua moja nzima. Nikasema waje waone. Wakaja wakaona saruji yangu, laini, safi, haina hata shimo moja.

"Sasa boss," mnunuzi akasema taratibu, "kama hii uchochoro si yako, bomba ya choo itapita wapi? Juu ya paa?"

Wakacheka tena. Mkewe akaanza kuikunja kamba yake.

Bibi akagonga mkongojo chini. "Nyamazeni. Nyumba hii, nani alikuwa akikinga maji?"

Nyuso zote zikageukia barazani. Dada akaondoa karai motoni. Akapangusa mikono kwenye leso yake, kidole kimoja kimoja, akaja. Moyo wangu ulitulia nilipomwona. Tulikuwa tukinuniana wiki tatu, lakini beseni ni beseni. Nilijua mtu hawezi kudanganya juu ya jambo alilofanya kwa mikono yake tangu utotoni. Alipita mbele yangu bila kunitazama, akaingia uchochoroni, akaegemeza kisigino ukutani, akakanyaga.

"Hapa," akasema. "Ndipo nilipokuwa nikitega."

Ilikuwa shibiri moja.

"Dada! Beseni la mama halienei hapo!"

"Nilikuwa nikilitega nusu."

Safari hii watu hawakucheka. Fundi cherehani alikuwa amerudi na kikombe chake, akakitazama kikombe. Dalali mwenyewe alikuwa amekodoa macho. Nadhani alikuwa amejiandaa kubishana na akakuta mlango umefunguliwa. Bibi alimtazama dada kwa muda mrefu, kutoka kwenye leso hadi kwenye kile kisigino kilichobanwa ukutani.

"Neno la aliyekaa ndilo neno," akasema. "Uchochoro ni wa kulia."

Mnunuzi alinipa mkono. Alisema atanipigia simu, na mkewe akamwambia, bila kunong'ona, "Usimdanganye." Wiki ileile nikasikia wamepata nyumba Mikindani.

Walipoondoka wote nilimfuata dada jikoni. Nilimwita majina ambayo siwezi kuyaandika, maana mama yetu alikuwa mmoja na mengine yalimgusa yeye. Alinisikiliza hadi mwisho akichambua mchele.

"Umemaliza?"

"Umempa mwizi njia yetu!"

"Nimempa. Mkaa ule pia ulikuwa wangu, ule wa ukutani. Ulimtukana mzee wa watu siku nzima."

Nikageukia dirisha.

"Niliona ukikata," akaendelea. "Nilikuwa hapo dirishani. Nikasema nimwambie? Nikasema la, mwache akate, atakata mpaka ajikate mwenyewe. Jina lako liko kwenye daftari la bibi. Langu liko wapi? Hebu nionyeshe. Mama alipokuwa hawezi kugeuka kitandani nani alikuwa kwenye daftari?"

"Ukuta wa yadi utafika hapa. Utafukuzwa bila hata senti."

"Basi nitafukuzwa nikiwa nyumbani."

Nilitoka nikapanda ngazi ileile, safari hii bila wa kunishikia, nikaling'oa gata kwa nyundo, futi moja moja, nikalitupa uani. Tangi nililipiga teke. Liliumiza kidole changu na lenyewe halikusogea. Dalali alikuwa mlangoni kwake.

"Pole, msafiri," akasema. "Na ile pilau?"

Siku ya tatu aliletewa matofali. Yakapangwa mwisho wa uchochoro, safu kwa safu, yakingoja fundi. Alikuwa anajenga chumba cha duka hadi shibiri moja kutoka ukutani mwetu, mbele ya dirisha la jikoni na la chumba cha dada. Dada aliyaona matofali yale kila alipomwaga maji ya vyombo. Tuliishi hivyo siku kumi, tukipishana ukumbini kama wapangaji wawili wanaodaiana. Chakula aliniwekea, kimefunikwa, juu ya stuli. Sikumshukuru. Nilikula nikichukia kila tonge kwa sababu lilikuwa na ladha ya mkono wa mama.

Nikapata habari za lori la kwenda Malaba. Dereva alihitaji fundi njiani, kisha angenifikisha Juba. Nikafunga mfuko asubuhi ile, nikavaa viatu, na mvua ikaanza.

Ilikuwa mvua ya kwanza ya masika, ile inayokuja bila salamu. Ilipiga mabati hadi sauti ya redio ya jirani ikamezwa. Nikasimama mlango wa uani kungoja ipungue. Dada akapita mbio kando yangu, leso kichwani, amebeba mabeseni yote matano kifuani. Akaingia uchochoroni akaanza kuyapanga bila kutazama juu, bila kufikiri, kama alivyofanya tangu alipokuwa msichana wa miaka minane. Kubwa mbele. La bluu likafuata. Kisha la mama, lililopasuka ukingo. Aliyapanga kwenye mstari mmoja ulionyooka, hatua moja nzima kutoka ukutani.

Maji yakaanguka nyuma ya mabeseni. Yalimiminika kutoka kwenye ukingo uliokatwa, yakapiga saruji yangu shibiri moja kutoka ukutani, na mabeseni yote matano yakabaki yameachama, hayana kitu ndani ila matone ya kupotea njia.

Dada akasimama. Akayatazama maji, akayatazama mabeseni, kisha akaitazama mikono yake. Nilikuwa na simu mfukoni. Nilikuwa na namba ya bibi. Ng'ambo ya uchochoro dalali alikuwa amefungua dirisha, mswaki umesimama mdomoni, naye ameona.

"Piga picha," dada akaniambia, sauti ikipanda juu ya mvua. "Unangoja nini? Piga, mpelekee bibi aone."

Nilitoa simu nikaishika. Sitaki mtu afikiri nilimwonea huruma. Nilihesabu tu: mnunuzi amekwenda, na kumtafuta mwingine kungenigharimu masika nzima katika nyumba hii, nikila chakula kilichofunikwa. Nikanyoosha mguu nikalisukuma lile beseni kubwa ndani, chini ya maji. Likaanza kulia.

Dada akaliinua, akamwaga yaliyokuwemo, akalirudisha kwenye mstari wa zamani. Kisha akageukia dirishani.

"Mjomba! Ondoa matofali yako. Maji yetu huanguka hapa!"

Dalali akautoa mswaki mdomoni. "Ati nini? Si ulisema mwenyewe mbele ya bibi?"

"Nilisema. Na sasa nasema hivi."

"Mwongo wee!"

"Ndiyo, mwongo! Njoo uchochoroni uniambie uso kwa uso! Njoo na kanzu yako!"

"Mwanamke, una wazimu? Maji yenyewe yanaanguka kule!"

"Nitanunua mabati, yaanguke huku! Wewe lete fundi uone kama hatapita juu yangu!"

Mke wa dalali naye akatokea, fundi cherehani akafungua mlango wake, na kelele zikawa nyingi kuliko mvua. Dada alisimama katikati ya mabeseni matupu, leso imemgandama, akinyoosha kidole. Nilingoja anitazame. Alinitazama mara moja.

"Wewe nenda," akasema. "Hili halikuhusu."

Nikabeba mfuko nikatoka kwa mlango wa mbele. Maandishi yangu ukutani yalikuwa yakitiririka. Rangi ilikuwa ya bei rahisi. Nilitembea hadi barabara kuu nimelowa, nikalipata lori limeegeshwa mbele ya kituo cha mafuta, dereva akilalamika kwamba nimechelewa. Kabla sijapanda nilimpigia bibi. Ilichukua muda kupokewa.

"Bibi, shikamoo. Ni mimi wa Chaani. Nikate kwenye daftari. Andika dada yangu."

"Kwa ridhaa yako?"

"Kwa ridhaa yangu."

Sikufanya kwa upendo. Nilitaka asiwe tena na jina la kulilaumu, na mimi nisiwe na mahali pa kuitwa. Nilisikia leso ikifunguliwa, kurasa zikipinduliwa, kalamu ikitafutwa.

"Nimeandika," bibi akasema. "Na huo mpaka, mwanangu? Dalali keshanipigia sasa hivi, apiga kelele. Mpaka uko wapi?"

Dereva alikuwa amewasha injini. Nikakanyaga ngazi ya lori.

"Muulize mwenye nyumba," nikasema, nikafunga mlango.